Mwalimu anahesabu watoto, nani anamhesabu mwalimu?

Leo tarehe 30 mwezi wa ine ni siku ya kitaifa ya masomo katika Kongo yetu. Shule zimefungwa. Miaka ya amani, walimu wa Masisi na wa Walikale walikuwa wanavaa kitenge cha namna moja, wanapita kwa mstari mbele ya wakubwa wa teritwari, wanasikiliza hotuba ndefu, kisha wanagawana soda na mkate na kurudi nyumbani kwa miguu. Hotuba zenyewe zilifanana kila mwaka: mwalimu ni taa, mwalimu ni mzazi wa pili. Mwalimu alikuwa anapiga makofi huku anawaza deni lake kwa muuzaji wa mchele.

Mwaka huu hatuna hamu ya kurudilia hotuba hiyo. Tunataka kuongea na ninyi wachimbaji, na bibi zenu, na watoto wenu wanaojua kusoma na ambao pengine njo wanawasomea gazeti hili jioni. Tunataka kuongea juu ya kazi inayofanyika mita mia chache kutoka kwenye mashimo yenu, na ambayo watu wanaipita kila asubuhi bila kuiangalia.

Mwaka jana, siku kama ya leo, tarehe 30 mwezi wa ine 2024, Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Siku ya mwalimu! Toka hapo mambo hayakusimama. Mwanzo wa mwaka huu ilikuwa Masisi-centre, kisha Sake, kisha Goma tarehe 27 mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu vita ikashuka mpaka Walikale-centre, watu wakaingia porini na vyungu na magodoro, na mwanzo wa mwezi huu wa ine waasi wakaondoka humo. Kila mara mji unapogeuka, watu wanauliza kwanza habari za barabara, habari za bei ya koltan na kasiterite, habari za nani anakaa kwenye kizuizi na anaomba ngapi. Habari za masomo zinakuja mwisho, kama zinakuja.

UNICEF ilihesabu mwezi wa pili: katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, shule na vyumba vya kusomea zaidi ya 2.500 vilikuwa vimefungwa, na watoto 795.000 walikuwa nje ya darasa. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka jana walikuwa 465.000. Hesabu hiyo inatisha, na redio ziliisema sana. Lakini kuna hesabu ya upande wa pili, na hiyo haikusemwa na redio yoyote. Ni ya shule ambazo hazikufungwa, au zilifungwa wiki mbili na zikafunguliwa tena. Shule haijifungui yenyewe. Kuna mtu alitoka porini mbele ya wengine, akaenda kuangalia kama manjanja bado iko juu ya nyumba, akafagia maganda ya risasi, akatafuta ubao wa kuandikia kwa majirani, akatuma watoto wawili watatu wapite mu kijiji wakisema: «Mwalimu anasema muje kesho.» Mtu huyo hana silaha, hana gari, na mara nyingi hana mshahara.

Wengi wenu mlisoma, hata kama ni mpaka darasa la tatu, kwa hiyo mnajua siku ya mwalimu inavyokwenda. Lakini mliiona kutoka kwenye benchi. Iangalieni sasa kutoka upande wa ubao.

Asubuhi mapema, katika milima ya Masisi, kuna baridi na matope. Shule nyingi ni za mbao, na kati ya mbao na mbao kuna nafasi inayoingiza upepo. Upande wa Walikale ni joto la msitu, ukuta wa udongo, na mvua ikinyesha juu ya manjanja hakuna anayesikia mwalimu, kwa hiyo anaandika ubaoni na kungoja. Anafungua rejista na kuita majina. Hapo njo kazi yenyewe inaanza, juu ya jina lisiloitikiwa. Mtoto asiyejibu leo anaweza kuwa mgonjwa. Anaweza kuwa amekimbia na wazazi usiku. Anaweza kuwa anaosha mawe mtoni. Anaweza kuwa amechukuliwa na watu wenye silaha. Mwalimu anaandika alama ndogo mbele ya jina, na ikifika siku ya tatu anakwenda kuuliza nyumbani. Hakuna mtu mwingine mu kijiji, wala chifu, wala polisi, wala shirika lolote, anayejua kila siku, jina kwa jina, watoto gani wako na watoto gani hawako. Kama mnataka kujua vita imefanya nini kwa Nyabiondo au kwa Pinga, ombeni rejista za darasa la kwanza. Ziko na majibu kuliko ripoti nyingi zinazoandikwa Goma kwa kifaransa kizuri.

Kisha kuna mambo ya luga. Sheria ya nchi inasema madarasa ya mwanzo yasomeshwe kwa luga ya taifa, na kwetu ni kiswahili. Lakini mtoto wa Masisi anafika shuleni na kihunde au kinyarwanda, wa Walikale na kinyanga, kikano au kikumu. Mtoto mkimbizi anafika na luga ya mlima mwingine. Mwalimu wa darasa la kwanza anawakalisha pamoja kwenye benchi moja, na mwisho wa mwaka wote wanahesabu mpaka mia kwa kiswahili na wanagombana kwa kiswahili. Nchi hii imefanya mikutano mingapi juu ya amani kati ya makabila ya Masisi, toka vita ya 1993 iliyoanzia kwenye soko la Ntoto? Katika darasa la kwanza mkutano huo unafanyika kila siku, na hakuna anayepewa pesa ya kuhudhuria.

Na wakati kijiji kinapokimbia? Hapa tunataka kusimama kidogo. Direkta wa shule anapokimbia, mke wake anabeba mtoto na sufuria, yeye anabeba mfuko wa rejista, daftari za alama na mhuri wa shule. Tumesikia watu wakicheka juu ya jambo hilo: «Anakimbia risasi na makaratasi!» Lakini bila makaratasi hayo, mtoto aliyemaliza darasa la tano Mweso hawezi kuonyesha Goma kwamba alimaliza. Anaambiwa aanze tena darasa la tatu, na mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyerudishwa darasa la tatu, ninyi mnajua anakwenda wapi. Anakwenda kwenye kariere. Kila rejista iliyookolewa imezuia watoto kadhaa wasirudi nyuma. Hiyo ni kazi kubwa ya watumishi wa masomo wa Masisi na Walikale, na haina medali.

Kazi nyingine ni ya shule zilizopokea. Kijiji kikiwa na wageni mia tatu, shule yake inapata watoto wapya kwa siku moja, bila bulletini, bila kitabu, bila kalamu. Mwalimu anawapima kwa mdomo na kwa ubao: soma hii, fanya hesabu hii. Anawapanga. Darasa la watoto 50 linakuwa la 90, asubuhi wanasoma hawa, alasiri wale, na mwalimu ni yuleyule mara mbili. Mshahara hauwi mara mbili. Hata mara moja tu unasumbua, na tutafika hapo.

Tusifiche pia: walimu si malaika. Kuna anayeuza alama. Kuna anayelewa siku ya soko na darasa linabaki na mkubwa wa wanafunzi akiwa na fimbo. Kuna wale wanaosumbua wasichana, na hao hatuwaiti walimu, mahali pao ni gerezani. Wazazi wana haki ya kuwasema mbele ya komite na mbele ya inspekta. Lakini ukimtaja mwizi mmoja wa alama kila siku, na yule aliyebaki na rejista yake porini humtaji hata mara moja, hesabu yako si ya haki.

Sasa tuongee makuta.

Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure. Ilibaki kwenye karatasi miaka 13. Toka mwanzo wa miaka ya 1990, Leta ya Zaire iliposhindwa kulipa walimu na migomo ikafunga shule, wazazi njo walianza kumlipa mwalimu kwa prime, franga kidogo kidogo kila mwezi, na mtoto ambaye hakulipa anafukuzwa. Kizazi kizima kilikua hivyo. Wengi wenu mko kwenye shimo leo juu ya hiyo prime: mlifukuzwa siku moja ya mwezi wa pili, baba hakuwa na kitu, na hamkurudi. Mwezi wa kenda 2019 serikali ikasema basi, masomo ya msingi yanakuwa bure. Watoto wakajaa. Ilikuwa jambo zuri, na gazeti hili halitasema kinyume.

Lakini ilipokata prime, Leta iliahidi kwamba sasa yenyewe itamlipa mwalimu. Kila mwalimu. Na hapo kuna shida, maana walimu hawako wa namna moja. Kuna mwalimu mekanize, ana namba yake ya matrikule, jina lake liko kwenye liste ya mshahara. Kuna mwingine anayesomesha darasa la pembeni, miaka minne, miaka saba, na jina lake haliko. Zamani aliambiwa faili iko SECOPE. Leo anaambiwa iko DINACOPE, maana jina la ofisi limebadilika. Faili inasafiri, yeye anabaki. Tunawaita NP, wasiolipwa. Fikirini mchimbaji anayeshuka kila siku na timu, anachimba kama wengine, na siku ya kugawana mfuko PDG wa shimo anamwambia: wewe jina lako bado halijatoka Kinshasa. Angerudi mara ngapi? NP anarudi kila asubuhi.

Hata mekanize hana raha. Mshahara unapita benki toka mwaka 2011 na 2012, na benki ziko mjini. Sehemu za mbali analipwa na mashirika kama Caritas, pesa ikifika, barabara ikiwa wazi. Mwalimu wa ndani ya Walikale anatembea siku moja au mbili kufuata mshahara, darasa linabaki bila mtu, anakatwa kitu njiani kwenye vizuizi, analala mahali, anakula mahali, na anachorudisha nyumbani si kile kilichoandikwa kwenye liste. Na toka mwisho wa mwezi wa kwanza, benki za Goma zilipofungwa, hali imekuwa mbaya zaidi. Kuna walimu ambao mshahara wao unaonekana kwenye simu na hawana mahali pa kuutoa.

Kwa hiyo mwalimu analima. Mke wake anauza mandazi. Jioni anafundisha mtoto wa mwenye duka kwa kilo ya unga. Na wengine, mnawafahamu, wako nanyi ndani ya shimo. Wazee wa Masisi wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltan ilipopanda sana: walimu waliacha chaki, wanafunzi wakawafuata, shule zikabaki na mbuzi. Mwaka uliofuata bei ilianguka. Walimu wengine walirudi, wengine hapana. Bei ya jiwe inapanda na kushuka kwa mambo ya viwanda vya mbali. Lakini mtoto aliyekosa kusoma akiwa na miaka saba, hiyo haishuki wala haipandi, imebaki.

Utasikia mzazi anasema: «Masomo ni bure, rais alisema, mimi sidaiwi kitu.» Na mwalimu anajibu: «Basi mwambie rais aje kusomesha.» Wote wawili wana haki kidogo, na mtoto yuko katikati. Mawazo yetu njo haya. Kumfukuza mtoto juu ya pesa hapana, na isirudi hata kwa jina lingine, iwe «mchango wa chaki» au «pesa ya mlinzi». Mlango wa shule ya msingi usiwe tena na bei. Lakini mzazi anayesema hadaiwi kitu kabisa, huku mwalimu wa mtoto wake anakuja darasani na njaa, huyo anajidanganya. Kuna njia ya kumsaidia mwalimu bila kugusa benchi ya mtoto, na vijiji vingine vinaijua: shamba la shule linalolimwa na wazazi, mavuno yanagawanyiwa walimu, nyumba ya mwalimu inayotengenezwa kwa salongo, kikapu cha maharagwe wakati wa mavuno. Na pale kwenye kariere, kooperative inayotoa sehemu ndogo ya mauzo ya mwezi, inaiweka mikononi mwa komite ya wazazi, na karatasi inabandikwa ukutani: iliingia ngapi, ilitoka ngapi, nani alipokea. Karatasi ukutani ni lazima. Mchango usioandikwa unazaa mwizi, hata mahali watu ni wakristo sana.

Lakini hatutaki mchimbaji mwenye kikapu abebe peke yake deni la wakubwa. Juu ya mlima uleule kuna makuta mengine, na sheria imeshayagawa.

Nendeni Bisie. Mwaka 2002 watu walianza kuchimba kasiterite huko kwa mikono, wanatembea kwa miguu kutoka upande wa Ndjingala, mzigo wa kilo 50 kichwani. Ndege zilikuwa zinatua juu ya lami kule Kilambo kubeba mawe mpaka Goma. Kutoka 2006 mpaka 2009 brigedi ya 85 ya jeshi letu wenyewe njo ilikula mlima ule. Leo ni kampuni ya Alphamin, yenye mashine, na mwaka jana 2024 ilitoa tani 17.324 za bati. Watu wa soko la dunia wanasema ni karibu sehemu 6 kwa mia ya bati yote duniani. Mwezi wa tatu ilisimamisha kazi juu ya vita, na tarehe 9 mwezi huu ikatangaza kuanza tena. Vizuri, watu wana kazi.

Kodi ya mines iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inasema hivi. Redevansi ambayo kampuni inalipa juu ya madini inagawanywa: 50 kwa mia inakwenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya mahali, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Entité ya mahali, kwa Bisie, ni sekta ya Wanianga. Si jambo la mbali: ni ofisi mnayoweza kwenda kwa miguu. Mbali na redevansi, kampuni inatakiwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake yote ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Kampuni ina pia shirika lake la maendeleo, Lowa Alliance, na kuna majengo ya shule yaliyotoka huko. Tunayaona, na tunashukuru.

Ila ukuta hausomeshi. Katika Walikale kuna mtindo: shule mpya inafunguliwa, wanakata utepe, wanapiga picha mbele ya manjanja inayong'aa, na ndani ya shule hiyo nzuri kuna walimu watatu NP. Hakuna anayepiga picha ya mshahara. Tunaelewa kampuni inapenda vitu vinavyoonekana, na wakubwa wa sekta pia, maana kandarasi ya jengo ina mlango wa nyuma na mshahara wa mwalimu hauna. Kwa hiyo tunawaomba wazazi wa Wanianga, mkienda kwenye mkutano wa mwaka huu, msiulize tu juu ya majengo. Ulizeni: kwenye zile 15 kwa mia, mwaka 2024, ngapi ilikwenda kwa masomo? Ilinunua nini? Ilimfikia mwalimu gani? Ni swali halali. Pesa hiyo si zawadi ya mtu. Na anayeuliza si mpinzani wa serikali.

Rubaya ni hadithi nyingine, na ngumu zaidi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema mlima ule unatoa karibu 15 kwa mia ya koltan ya dunia, na kwamba M23, toka ilipoushika, inakusanya karibu dola 800.000 kila mwezi kwa kodi ya koltan. Dola 800.000 kwa mwezi. Mnajua ninyi wenyewe nani alilipa hizo dola: mchimbaji, mbebaji, mnunuzi mdogo. Nani alisikia sehemu ngapi ilinunua chaki? Na mbele yao, je? Mbele yao kulikuwa wengine, wenye sare mbalimbali na majina mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na kizuizi chake. Kila aliyekamata mlima alijua haraka namna ya kupima kilo. Hakuna aliyekuja kwa direkta kuuliza walimu wako ni wangapi.

Kuna jambo moja ambalo wenye silaha wote, wa kila upande, wanaweza kulifanya bila dola hata moja: kutoka ndani ya shule. Kongo ilikubali mwaka 2016 Tamko la Shule Salama, linalosema shule isitumiwe na jeshi. Na bado benchi zinachomwa kupika maharagwe ya askari. Hatutaji kundi, maana liste ingekuwa ndefu na kila mmoja angesema ni mwenzake. Benchi iliyochomwa haikatalii mtu. Lakini inawakalisha chini watoto watano kwa miaka kumi.

Turudi kwenu, ndugu wachimbaji. Mtatuuliza: mwalimu ananiletea nini mimi, wakati mtoto wangu akienda kuosha mawe analeta franga leo jioni?

Mnunuzi anaweka mfuko wako kwenye mizani. Anasoma namba. Anatoa kilo mbili juu ya maji, moja juu ya udongo, anapiga kwenye simu yake, anakuonyesha jibu. Wewe unaangalia uso wake badala ya kuangalia simu, maana uso njo unajua kusoma. Kisha kuna ile etiketi inayofungwa kwenye mfuko, yenye namba, inayosema jiwe limetoka shimo gani. Kuna karatasi ya kooperative unayowekea kidole. Kuna mkataba wa PDG. Kila mahali pale ambapo hujui kusoma, kuna mtu anakula. Piga hesabu ya kilo moja kwa kila mfuko, kwa mwaka mmoja, uone hiyo prime ya mwalimu ilikuwa ndogo au kubwa.

Na mtoto anayeosha mawe, sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za namna hiyo. Lakini hatutaki kujificha nyuma ya sheria, tunajua njaa haisomi gazeti la serikali. Tunasema tu kitu mnachokiona wenyewe: mtoto aliyeshika franga zake mwenyewe akiwa na miaka kumi, kumrudisha kwenye benchi ni vita. Mwalimu anaijaribu vita hiyo. Anakuja kwenye kariere saa kumi na viatu vyake vya matope, anawatafuta wanafunzi wake kati ya watu wanaoosha mawe, na wakubwa wanamcheka: «Mwalimu, na wewe umekuja kutafuta mia?» Siku nyingine akija, msimcheke. Mwonyesheni mtoto yuko wapi.

Kwa wakubwa wa Kinshasa tuna maneno machache, maana wanayajua. Walimu NP wa Masisi na Walikale wafanyiwe mekanize kwa liste iliyoandikwa na wale walioko darasani, si kwa liste ya ndugu wa ofisini. Aliyekimbia vita asiandikwe kwamba ameacha kazi. Mshahara ufuate mwalimu kwa njia yoyote inayofanya kazi leo, simu au shirika, na wasingoje benki ifunguliwe. Na watoto wa darasa la sita waliopoteza miezi na vitabu kwa kukimbia wasinyimwe ENAFEP juu ya karatasi moja iliyobaki nyumbani. Vita haikuwapa muda wa kufunga mzigo.

Kesho ni tarehe 1, siku ya wafanyakazi, nayo ni kongé. Shule zinafunguliwa tarehe 2, siku ya tano. Watoto wengi wa kariere watajiongezea wenyewe mapumziko mpaka wiki ijayo, na wengine mpaka mwisho wa mwaka, maana mwezi wa tano njo wakati darasa la sita linapungua sana. Mwenye mtoto wa darasa la sita amwamshe asubuhi hiyo. Na kama shuleni kwenu hamna chaki, sanduku moja linapatikana Mubi, Masisi-centre au sokoni Rubaya, kwa bei isiyofika bei ya kasha la bia.